Deni ya kila wiki, mavuno ya kila musimu



Mudogo wangu alinunua moto kwa kulipa kidogo kidogo. Mimi niliweka sahihi chini ya karatasi yake kama mutu wa kumusimamia, na ile karatasi sikuisoma. Ninawaambia wazi, sababu wengi wenu munanijua kama agronomu wa maswali mingi: kakao yako iko na miaka ngapi, ulikata matawi mwezi gani, mbegu zilikaa siku ngapi ndani ya sanduku. Siku ile, mbele ya muuzaji, sikuuliza hata moja.

Bei ya moto kwa feza mukononi ilikuwa dola 1,200. Mudogo wangu hakuwa nazo. Alikuwa na 300, zilizotoka kwa kakao ya mama yetu na kwa mbuzi mbili. Muuzaji akamwambia: leta hizo 300, chukua moto leo, kisha kila jumamosi ulete dola 30, kwa wiki 52. Tukafurahi. Jioni moto ililala ndani ya nyumba kama mutoto muchanga, imefunikwa na kitenge cha mama.

Na kweli ilifanya kazi. Kijana alipakia magunia ya kakao kutoka Mbau mpaka Oicha, na watu kutoka Mbau mpaka Beni. Siku nzuri, kisha kuondoa mafuta, alibakia na dola 7. Siku sita kwa wiki, ni dola 42. Muuzaji 30, nyumba 12. Kwa miezi mingi ilitembea vile. Nisidanganye mutu: ile moto ilitusaidia. Ilipeleka mama ku hopitali usiku mumoja, ilileta miche ya kakao shambani, na magunia yetu hayakulala tena kwa barabara yakingoja mutu wa kuyapakia.

Lakini angalieni ile hesabu tena. Siku sita, dola 42. Ikiwa ville morte ya siku mbili tu, anabakia na 28. Hata kama nyumbani hawakule, 30 ya muuzaji haifike. Na sisi wa upande huu tunajua siku za ville morte, tunajua pia siku ambazo barabara inafungwa kabisa. Kutoka mwaka 2014 watu wanaita eneo kati ya Mbau, Kamango na Eringeti triangle ya kifo, na si mimi nitawafasiria sababu. Wiki moja kulikuwa mashambulizi, watu wakakimbia, na kwa wiki tatu hakuna moto iliyotembea. Wiki ya tatu muuzaji alikuja na vijana wawili, akachukua moto.

Mudogo wangu alikuwa amelipa wiki 39. Ni dola 1,170. Ongeza zile 300 za kwanza: dola 1,470. Alikuwa amekwisha kupita bei ya feza mukononi, na alibakia kulipa 390 tu. Kisha mwezi mumoja tuliona ile moto huko Beni na dereva mwingine. Ilikuwa imeuzwa dola 800. Mudogo wangu akamwambia mama: «Bamechukua moto, na feza yangu bamebakia nayo.» Mama hakujibu.

Hesabu ambayo muuzaji hafanyi mbele yako

Ukiuliza muuzaji, «Faida yako ni ngapi?», atakwambia: bei ni 1,200, wewe utalipa 1,860, basi ni 660 juu ya 1,200. Ni kama 55 kwa mia kwa mwaka. Inaonekana si mbaya sana, tukilinganisha na ile Banque Lambert ya mujini, ambapo mutu anakukopesha 100 na mwisho wa mwezi anataka 130 ao 150.

Lakini muuzaji hakukukopesha 1,200. Dola 300 zilikuwa zako. Yeye alikukopesha 900. Basi 660 ni juu ya 900, na hiyo ni 73 kwa mia. Tena zile 900 haukukaa nazo mwaka muzima: jumamosi ya kwanza ulianza kumurudishia. Katikati ya mwaka umekwisha kumurudishia dola 780, na yeye anaendelea kukuhesabia kama vile zote ziko kwako. Ukipiga hesabu vizuri, wiki kwa wiki, faida ya kweli inapita 100 kwa mia kwa mwaka. Ni feza ya bei kali, hata kama inakuja na sura ya dola 30.

Sisemi kama wauzaji wote ni wezi. Mufanyabiashara wa Butembo anayeleta moto ao pano za jua kutoka Dubai na China anaweka feza yake yote ndani ya konteneri, anangoja miezi, analipa ushuru kwa mupaka, na kati ya wateja wake kuko wale wanaokimbia na kitu mpaka Ituri. Hasara ya wale wanaokimbia, anaitia ndani ya bei ya wale wanaobaki. Kwa hiyo wewe mwenye kulipa muzuri unalipia pia yule mwenye kukimbia. Ni vizuri kujua hivyo, sababu inakupa neno la kusema wakati wa kupatana bei: ukiwa na koperative nyuma yako, wewe si mutu wa kukimbia, na bei yako haifae kuwa sawa na ya mutu asiyejulikana.

Ile karatasi

Kisha muda nilisoma ile karatasi, pole pole, na kalamu mukononi. Iliandikwa kwa Kifaransa. Ilisema kama moto ni ya muuzaji mpaka siku ya malipo ya mwisho. Ilisema kama mununuzi akikosa wiki mbili, muuzaji anachukua kitu chake, na feza iliyolipwa inahesabiwa kama feza ya kukodi. Na mwishoni, maandishi madogo: musimamizi anajibu kwa deni yote. Musimamizi ndio mimi.

Neno la kwanza ni halali. Congo iliingia ndani ya sheria za OHADA mwaka 2012, na ile sheria inaruhusu muuzaji abakie mwenye kitu mpaka alipwe yote. Lakini inataka neno hilo liandikwe, na liandikwe mbele ya kutoa kitu ao siku ileile ya kukitoa. Muuzaji akikuja kisha mwezi moja na karatasi mupya ya kusema moto ni yake, amechelewa.

Neno la pili, lile la feza ya kukodi, ndilo lilituuma. Sheria inasema namna ingine kabisa. Muuzaji akirudisha kitu, thamani ya kile kitu inaondolewa kwa deni iliyobaki. Kama thamani inapita deni, inayozidi inarudi kwa mununuzi. Na mapatano yoyote yanayosema kinyume, sheria inayahesabu kama hayakuandikwa. Rudini kwa mufano wetu: deni iliyobaki 390, moto imeuzwa 800. Muuzaji alipashwa kubakia na 390 yake, na kumurudishia mudogo wangu dola 410. Dola 410! Na sisi tulikuwa tumelala tukifikiri kama sheria iko upande wake.

Nilijua hiyo kwa formation moja ambapo mwanasheria alikuwa anafundisha wasimamizi wa koperative. Nikarudia kwa muuzaji pamoja na mudogo wangu. Hakukataa sheria. Aliuliza tu: «Recu ziko wapi?» Kati ya malipo 39, tulikuwa na recu 22. Zingine kijana alilipa mukononi, kwa barabara, kwa kijana wa duka, bila karatasi. Tulirudi nyumbani.

Jirani zetu wa Kenya wako na sheria ya kipekee juu ya mauzo ya namna hii, inafanya kazi kutoka mwaka 1970. Kule, mununuzi akikwisha kulipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi tena kuja na vijana kuchukua kitu: anapashwa kwenda kwa tribinali. Theluthi mbili ya 1,860 ni 1,240. Mudogo wangu alikuwa amepita pale zamani. Ile ni sheria ya Kenya, haifanye kazi hapa Mbau. Lakini hakuna kitu kinachokataza koperative yetu iombe muuzaji aandike neno kama lile ndani ya mukataba. Mukataba ni maneno ya watu wawili, si ya mumoja.

Taa ya jua ni habari ingine

Sasa mutu atasema: agronomu anatukataza kununua kwa deni. Hapana. Kuko vitu ambavyo mukulima hatavinunua hata siku moja akingoja feza zote pamoja, na kila mwezi anapongoja anapoteza.

Muchukue mufano wa taa ya jua. Tuseme nyumba moja inachaji telefone mara tatu kwa wiki, faranga 500 kila mara, na inanunua mishumaa na mawe ya toshi kwa faranga 2,000. Ni 3,500 kwa wiki, ni faranga 182,000 kwa mwaka, na mwisho wa mwaka hauna kitu mukononi: mishumaa imekwisha, mawe umetupa. Kama mutu anakupa pano, batri na taa tatu kwa faranga 4,000 kila wiki, unaongeza 500 tu juu ya ile uliyokuwa unatupa. Na siku malipo yanakwisha, taa inabakia yako. Hapa deni inalipwa na feza ambayo ilikuwa inatoka tayari.

Namna hii ilipata nguvu sana Kenya. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza huko mwaka 2012, sababu watu walikuwa wamezoea kutuma feza kwa telefone kutoka mwaka 2007. Kwa wakati fulani mununuzi alitoa shilingi 2,999 kwanza, kisha 50 kila siku kwa mwaka mumoja. Pigeni hesabu: ni shilingi 21,249. Asipolipa, taa inazimika yenyewe. Akilipa, inawaka tena. Hakuna mutu anayekuja kuchukua mbuzi zako. Kwetu Congo kuko kampuni kama Bboxx na Altech zinazouza vifaa vya jua, na malipo yanaweza kupita kwa telefone.

Ile ya kuzimika yenyewe iko na uzuri wake na ubaya wake. Uzuri: ukikimbia vita wiki mbili, unarudi, unalipa, taa inawaka. Haupoteze yote kwa siku moja kama mudogo wangu. Ubaya: kama rezo haipatikane kwenu, utakuwa na feza mukononi na nyumba katika giza. Na watu wengine wanapana feza kwa ajenti bila kungoja mesaji. Usiondoke pale mbele telefone yako haijalia. Mama mumoja wa koperative alinionyesha buku yake, ameandika kila malipo na saa yake, na namba ya mesaji. Ajenti alipomwambia kama anabakia na miezi mbili ya kulipa, alifungua buku tu. Ilikuwa mwezi moja.

Uliza tena juu ya garanti. Kama unalipa miezi 18 na garanti ya batri ni miezi 12, kuko miezi sita ambapo unaweza kulipia kitu kilichokufa. Garanti ifike angalau pahali malipo yanafika.

Kalenda ya kakao

Hapa ndipo ninataka tukae kidogo.

Mutu wa mushahara analipwa kila mwezi, basi deni ya kila mwezi inamufaa. Mutu wa duka anaona feza kila siku. Sisi tuko na kakao. Kakao inatoa karibu mwaka muzima, lakini si sawasawa: kuko miezi ambapo unatoka shambani na kilo 60, na miezi ambapo unaokota matunda kidogo tu, nusu yake imeliwa na ugonjwa wa kuoza. Lakini muuzaji, yeye kila jumamosi ni sawa na jumamosi ingine.

Tuseme nyumba moja inapata kilo 400 za kakao kavu kwa mwaka. Miezi ine ni mizuri, kilo 60 kila mwezi: 240. Miezi nane ingine, kilo 20 kila mwezi: 160. Tuseme tena mununuzi anatoa dola 3 kwa kilo. Mwezi muzuri unaleta dola 180, mwezi mubaya unaleta 60. Ile moto ya dola 30 kwa wiki inakula dola 130 kila mwezi. Munaona? Mwezi muzuri inawezekana, na inabakia 50 ya nyumba nzima. Mwezi mubaya haiwezekane hata kidogo. Na kwa mwaka, kakao yote ni dola 1,200, malipo ni 1,560. Moto haiwezi kulipwa na kakao. Inaweza tu kulipwa na moto yenyewe, na moto inalala siku barabara inalala.

Mimi niko na kipimo changu, si sheria, ni mazoea tu: malipo ya mwezi yasipite robo ya mwezi wako mubaya. Kwa ile nyumba, mwezi mubaya ni 60, robo ni 15. Basi inaweza kuchukua deni ya dola 15 kwa mwezi. Ni kidogo, ndiyo. Lakini 15 inafika kwa pompe ya kupulizia dawa, kwa hema za kuanikia, kwa taa, kwa makasi mazuri ya kukata matawi. Hivyo vyote vinarudisha feza kwa haraka kuliko moto, na hakuna mutu anayehitaji barabara kusudi pompe ifanye kazi.

Kwa kujua mwezi wako mubaya unapashwa kuwa umeandika. Wengi wananiambia «Ninajua shamba yangu.» Kisha ninawauliza walipata kilo ngapi mwezi wa nne mwaka uliopita, wanaanza kuangalia juu. Chukueni buku ya shule, mistari kumi na miwili, kilo na bei. Ni kazi ya dakika mbili kwa mwezi.

Na bei? Mwaka 2022 tani moja ya kakao kwa soko ya dunia ilikuwa karibu dola 2,500. Mwezi wa kumi na mbili 2024 ilipita dola 12,000. Munakumbuka ule wakati: wanunuzi walikuwa wanakuja mpaka mulangoni, na wezi walikuwa wanaingia mashambani usiku kuvuna mbele ya mwenye shamba. Ni wakati ule pia watu wengi walichukua vitu kwa deni, sababu kila mutu alifikiri bei itabaki juu. Mwaka 2025 ilianguka, na mbele mwaka haujakwisha ilikuwa karibu nusu tu. Deni haikuanguka. Nyumba ile ya mufano wetu, bei ikikatwa nusu, mwezi mubaya unaleta dola 30 badala ya 60, na zile 15 ambazo zilikuwa robo zinakuwa nusu. Kwa hiyo piga hesabu na bei ya mwaka mubaya unaoukumbuka, si na bei ya leo soko ikiwa moto.

Wazee wetu wanajua haya bila mimi. Waliishi na kahawa ya robusta, wakajenga nyumba nayo, kisha ule ugonjwa wa kukausha miti, trakeomikoze, ukamaliza mashamba. Muzee mumoja aliniambia kama alikuwa bado analipa deni ya mashine ya kukoboa kahawa wakati muti wake wa mwisho ulikauka. Alimaliza kulipa na mihogo.

Faranga ao dola, liandikwe ndani ya mukataba. Mwishoni mwa 2025 dola ilishuka mbele ya faranga kwa wiki chache tu, na watu waliokuwa na kakao ya dola na deni ya faranga walishangaa. Deni ifuate feza ambayo unapata.

Kakao ingali kwa muti

Kuko deni ingine, hiyo hatuiite deni. Mwezi wa shule, mununuzi mudogo anakuja na dola 50, ao na mufuko wa muchele, na anasema: utanipa kakao yako ikikauka. Hakuna karatasi. Bei amekwisha kuiweka yeye: kama soko ni dola 3, anakuhesabia 1.50 ao 2. Mavuno yanafika, unamupa kilo 33 badala ya 17. Umechukua 50 na umerudisha 100, kwa miezi mbili ao tatu. Ni kali kuliko moto ya mudogo wangu, lakini inaonekana kama musaada, na mwenye kuitoa ni mutu tunayesali naye.

Na iko na ubaya mwingine ambao mimi kama agronomu ninauona kwa mbegu. Mutu aliyeuza kakao ingali kwa muti hana sababu ya kuichachisha siku tano ao sita. Anataka kumaliza. Anavuna matunda ambayo hayajaiva, anaanika siku mbili kwa kando ya barabara, anapeleka. Kisha wanunuzi wakubwa wanasema kakao ya upande huu ni mubaya, na bei ya wote inashuka. Deni ya mutu mumoja inaingia ndani ya gunia ya jirani.

Tanzania wako na jina kwa mikopo midogo ya kukamua watu: wanaiita kausha damu. Jina linatosha.

Njia zingine tulizo nazo

Likelemba munaijua: watu kumi, kila mutu dola 10 kwa mwezi, kila mwezi mumoja wao anakamata 100. Hakuna faida, hakuna muuzaji. Ubaya wake ni kungoja zamu, na kuomba Mungu wale waliokwisha kukamata waendelee kutoa. Kwa pompe ao hema za kuanikia, ninaona likelemba inashinda deni ya duka karibu kila mara.

AVEC inaenda mbali kidogo. Ile namna ya sanduku yenye kufuli tatu ilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo iko karibu kila kijiji kwetu. Memba wanaweka, wanakopeshana, na faida inayolipwa inarudi kwao siku ya kugawa sanduku. Ukikopa kwa AVEC na kununua kitu kwa feza mukononi, unapata bei ya feza mukononi. Ile tofauti kati ya 1,200 na 1,860, sehemu kubwa inabakia kijijini.

Na koperative yenyewe? Hapa niko na mawazo, na si kila mutu wa komite anakubaliana na mimi. Ninaona koperative inaweza kununua kwa kulipa kidogo kidogo, pahali pa memba mumoja mumoja. Watu 40 wakitaka pompe 40, muuzaji wa Butembo ataongea namna ingine. Malipo yanakatwa kwa kilo, siku memba analeta kakao kwa depo: tuseme senti 20 za dola kwa kila kilo. Ameleta kilo 60, tumekata dola 12. Ameleta 20, tumekata 4. Hakuleta kwa sababu barabara imefungwa, hatukukata kitu. Deni inatembea na shamba. Kwa mwaka, kilo 400 zinalipa dola 80, ni pompe moja na hema zake.

Hatari iko, na ninaijua. Memba anaweza kuuza kakao yake kando, kwa ule mununuzi wa barabara, kusudi asikatwe. Watano wakifanya vile, wale 35 wanalipa. Rafiki yangu mumoja wa komite anasema: «Utafanya jirani achukiane na jirani kwa sababu ya pompe.» Sina jibu ya kumaliza hiyo shaka. Ninasema tu tuanze na watu kumi wanaojuana, na kitu cha bei ndogo, na tuandike mbele kabisa nini itafanyika kwa mutu atakayeuza kando.

Kwa wale ambao watakwenda peke yao kwa muuzaji, basi muende wawili. Muombe bei mbili kwa karatasi, ya feza mukononi na ya deni, na mupige hesabu nyumbani, si dukani. Muombe mukataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mutu anayejua Kifaransa. Muombe neno moja liongezwe: wiki ambazo barabara imefungwa kwa usalama ao kwa ville morte zisihesabiwe kama kukosa, malipo yasogezwe mbele. Muuzaji mumoja wa Oicha nilimuomba hilo mwaka uliopita kwa ajili ya memba wetu wawili. Alikuna kichwa, kisha akaandika kwa mukono wake. Yeye pia wiki zile duka yake ilikuwa imefungwa. Na kila malipo, recu. Hata kama mwenye kupokea ni shemeji yako.

Mudogo wangu sasa anaendesha moto ya mutu mwingine, anapeleka versement kila jumamosi. Ameanza kuweka dola 5 kwa wiki ndani ya AVEC. Anasema itamuchukua muda murefu kufika 1,200, na ni kweli.

Kwa mukutano wetu wa mwisho wa mwezi, kila memba aliye na karatasi ya deni nyumbani, ya moto, ya taa, ya telefone, ya matole, ailete pamoja na recu zake. Tutazisoma kwa Kiswahili, mumoja kwa mumoja, pamoja na mwanasheria. Asiye na recu alete ile aliyo nayo. Tutaanzia saa tatu asubui kwa depo, kusudi wanaotoka mbali warudi mbele ya giza.